Mazungumzo ya Pasaka: Kifo Hakimalizi Ugomvi

(Mazungumzo haya yalitolewa Jumapili ya pili baada ya Pasaka mbele ya wanakisomo wa kijiji kimoja cha Mkoa wa Kagera, kaskazini ya mto. Yameandikwa kama yalivyosemwa.)



Mwalimu ametuomba tuseme maneno machache juu ya kufufuka kwa Yesu na juu ya kusamehewa dhambi. Sisi si wachungaji wala si makatekista. Sisi ni wakulima kama ninyi, na cheti chetu cha kisomo ni sawa na chenu. Kwa hiyo tutasema yale tunayoyajua tu. Na tutasema "sisi" kwa sababu jambo tutakalolieleza ni la nyumba yetu nzima, na wakubwa wa nyumba wamekubali lisemwe mbele yenu.

Tuanze na maneno tunayoyasikia kila mara msibani. Watu wawili wamegombana miaka mingi. Hawasalimiani, hawaombani chumvi. Siku moja mmoja wao anakufa. Majirani wanasema: "Basi, yamekwisha. Kifo kimemaliza ugomvi."

Je, ni kweli? Kama mtu akifa anapotea kabisa kama moshi, basi ni kweli. Lakini sisi Wakristo kila Jumapili tunasimama na kusema kwamba tunaamini ufufuo wa wafu. Neno ufufuo maana yake ni kuamka tena baada ya kufa, mtu yule yule, na kuishi. Ndugu zetu Waislamu nao wanaamini siku ya kiyama. Sasa, kama tunaamini hivyo, yule tuliyemzika hajakwisha. Tutaonana naye. Mtu tunayemdai tutaonana naye. Na mtu anayetudai, hali kadhalika, tutaonana naye uso kwa uso. Hapo ndipo neno hili la ufufuo linapouma, ndugu zetu. Tumezoea kulisema haraka haraka kanisani bila kulifikiri.

Tumtazame Petro. Huyu alikuwa mvuvi, mtu wa maneno mengi na wa moyo mwepesi. Usiku ule Yesu alipokamatwa, Petro alimfuata kwa mbali mpaka uani kwa kuhani mkuu. Kulikuwa na baridi. Watumishi walikuwa wamewasha moto wa makaa, naye akasogea kuota moto pamoja nao. Wakamwuliza kama yeye ni mtu wa Yesu. Akakana. Wakamwuliza tena, akakana. Mara ya tatu vile vile. Jogoo akawika. Luka anaeleza kwamba Yesu aligeuka akamtazama, na Petro akatoka nje akalia sana. Kulipokucha Yesu akapelekwa kuuawa. Petro hakupata nafasi ya kumwambia hata neno moja.

Hebu fikirini sasa. Siku ya tatu wanawake wanakuja mbio na habari kwamba kaburi li tupu na Yesu yu hai. Sisi tunaiita habari njema, akina mama wanapiga vigelegele. Lakini kwa Petro, tunadhani, habari hiyo ilikuwa na hofu ndani yake. Yule uliyemkana amerudi! Umemwibia mtu mbuzi, mtu huyo akafa, ukapumua. Halafu unaambiwa: huyo mtu yuko njiani, anakuja kwako. Utafurahi? Utatafuta mlango wa nyuma.

Habari ya kukutana kwao iko katika Injili ya Yohana, sura ya 21. Petro na wenzake sita walikwenda kuvua katika ziwa la Galilaya. Usiku kucha hawakupata kitu. Ninyi mliowahi kuvua ziwani mnaujua usiku wa namna hiyo. Alfajiri wakamwona mtu amesimama ufukoni. Akawaambia watupe wavu upande wa kulia. Wakatupa, wakapata samaki wakubwa 153. (Hesabu hiyo inatupendeza. Nani atahesabu samaki wote hao kama si mvuvi?) Walipotambua kwamba yule ni Yesu, Petro hakungoja mtumbwi, akajitupa majini.

Alipofika nchi kavu alikuta nini? Alikuta moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Moto wa makaa tena! Yohana anautaja moto wa namna hiyo mahali pawili tu katika kitabu chake: pale uani Petro alipokana, na hapa ufukoni. Mwenye kusoma polepole ataona.

Yesu hakuanza na kesi. Aliwaambia waje wale. Walipokwisha kula, ndipo akamwuliza Petro kama anampenda. Akamwuliza mara ya pili. Akamwuliza mara ya tatu, na hapo Petro akahuzunika. Sisi tunadhani alihuzunika kwa sababu aliijua hesabu hiyo inatoka wapi. Kisha akapewa kazi ya kuwalisha kondoo. Basi, kosa halikufichwa chini ya mkeka. Liliguswa, na liliguswa mara tatu. Lakini aliyekosewa ndiye aliyewasha moto, akapika, akamngoja mkosaji apate kifungua kinywa. Sisi tukikosewa huwa tunangoja mwenzetu aje kwa magoti. Huyu alikuja yeye, tena akiwa na chakula.

Paulo naye alikuwa mtesaji wa Wakristo, na anaandika kwamba Yesu aliyefufuka alimtokea hata yeye, mwisho wa wote. Habari zake ni ndefu, tumwachie mchungaji.

Sasa tuvuke mpaka twende Uganda, maana si mbali na hapa. Mwaka 1977 Kanisa la Uganda lilikuwa likijiandaa kutimiza miaka 100 tangu wamisionari wa Kianglikana wafike huko. Askofu Mkuu alikuwa Janani Luwum, Mwacholi kutoka Mucwini, upande wa kaskazini. Zamani alikuwa mwalimu wa shule. Idi Amin alikuwa ametawala miaka sita, na watu wengi walikuwa wakichukuliwa majumbani mwao bila kuonekana tena. Mwezi wa Februari askari waliingia nyumbani kwa Askofu Mkuu usiku wa manane, wakapekua, wakisema wanatafuta silaha. Hawakuzipata. Maaskofu wakamwandikia Amin barua kueleza mauaji na hofu iliyokuwa nchini. Tarehe 16 Februari 1977 wakaitwa Kampala mbele ya askari na viongozi. Baadaye wenzake wakaruhusiwa kwenda zao. Luwum akabakizwa. Kesho yake redio ikatangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Watu hawakuamini. Waliouona mwili wake huko Mucwini waliona matundu ya risasi.

Kampala, kwenye kilima cha Namirembe, Wakristo walikuwa wamechimba kaburi karibu na kaburi la Askofu James Hannington, aliyeuawa mwaka 1885. Maiti haikuletwa. Ilipelekwa Mucwini ikazikwa huko, na ibada ya kumwombolezea Namirembe ikakatazwa. Hata hivyo Jumapili ya tarehe 20 Februari maelfu ya watu walikwenda kanisani. Hebu pimeni ushujaa huo. Baada ya ibada walitoka nje wakasimama kulizunguka lile kaburi. Tupu. Wakakumbuka wale wanawake waliokwenda kaburini kwa Yesu, na malaika aliyewaambia kwamba hayupo pale, amefufuka. Aliyelikosesha kaburi maiti alitaka kuwadhalilisha. Watu wakaliona shimo lile lile, wakaimba.

Katika maaskofu walioitwa siku ile ya tarehe 16 alikuwamo Festo Kivengere, askofu wa Kigezi. Wazee wa Dodoma walimjua, maana alifundisha shule huko katika miaka ya 1940 na ya 1950. Baada ya kifo cha Luwum, yeye na mkewe Mera walitoroka usiku wakapita milimani mpaka Rwanda. Baadaye akafika London. Siku ya Ijumaa Kuu alikaa kanisani akisikiliza habari za msalaba. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba moyo wake ulikuwa umejaa uchungu juu ya Amin. Akasikia jinsi Yesu alivyowaombea msamaha wale waliompigilia misumari. Akajiuliza: kama Amin angekuwa mmoja wa wale askari wenye nyundo, je, Yesu angemtoa katika sala ile? Akaona kwamba asingemtoa. Mwaka huo huo akaandika kitabu kidogo ambacho jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema "Nampenda Idi Amin". Jina hilo linashtua hata leo.

Tusikilizane vizuri hapa. Kivengere hakusema kwamba Amin hakuua. Alizunguka nchi nyingi akiyaeleza mauaji yale waziwazi. Kusamehe si kusema hapakuwa na kosa. Kama mtu amekuibia, kumpeleka kwa mwenyekiti wa kijiji si dhambi. Jambo ambalo Kivengere alilikataa ni kuubeba ule uchungu moyoni na kuulisha kila siku kama mtu anavyolisha nguruwe. Alirudi Uganda mwaka 1979 baada ya Amin kuondolewa, akafa mwaka 1988. Siku hizi tarehe 16 Februari ni siku ya mapumziko Uganda, kumkumbuka Luwum. Na Amin alifia Jeddah, Saudi Arabia, mwaka 2003. Hakusimama mahakamani hata siku moja. Mtu anaweza kusema: amepona huyo. Lakini anayeamini ufufuo hawezi kusema hivyo. Anajua kwamba kesi ile ina Mwamuzi, na kwamba Luwum na wengine wote wataitwa kwa majina yao. Kwa hiyo si lazima sisi tuishike hukumu hiyo mikononi mpaka ituunguze.

Haya, ni rahisi kusema habari za maaskofu. Sasa tuseme za nyumbani kwetu.

Mwisho wa Oktoba 1978 askari wa Amin waliingia huku kwetu. Mkoa ulikuwa ukiitwa Ziwa Magharibi wakati huo. Amin akatangaza kwamba nchi yote mpaka mto Kagera ni yake, na daraja la Kyaka likavunjwa. Wazee mliopo hapa mnakumbuka, vijana waulizeni. Watu walikimbia na watoto mgongoni. Baba yetu alifunga mlango, akatazama juu mara moja, tukaondoka.

Alitazama mabati. Mwaka 1977 bei ya kahawa ilikuwa juu, naye alinunua mabati 24, ya kwanza katika ukoo wetu. Baba hakujua kusoma wala kuandika. Akapaka kila bati alama kwa rangi nyekundu upande wa chini: duara na mstari katikati. Hiyo ndiyo ilikuwa saini yake.

Tulirudi mwaka 1979. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili, siku ya Jumatano kabla ya Pasaka. Pasaka ile sisi tuliilia chini ya migomba, maana nyumba haikuwa na paa. Mabati yote yalikuwa yamekwenda. Kila mtu alisema askari wameyachukua, na kweli askari walipora mali nyingi. Mdogo wetu wa mwisho alizaliwa majuma yale, mvua za masika zikinyesha. Alikohoa mpaka akafika miaka mitano. Mama alisema mpaka kufa kwake kwamba kikohozi kile kilitokana na mvua.

Miaka mitatu baadaye dada yetu alitumwa kuomba moto kwa jirani. Akainama jikoni kuchukua kaa, alipoinuka akatazama juu. Akaona duara jekundu na mstari katikati.

Baba hakusema neno. Hakwenda kushtaki, hakumwuliza. Lakini tangu siku ile nyumba yetu haikuomba moto tena pale, wala chumvi. Watoto wao walipougua hatukwenda kuwaona. Miaka 12 ilipita hivyo. Baba akafa mwaka 1994. Yule jirani alikuja mazishini, akasimama mwisho wa kibanja, mbali, akatupa udongo kidogo akaondoka. Sisi tukasema, eti amekuja kuhakikisha kwamba baba amekufa kweli. Kisha tukasema kama wengine: basi, yamekwisha.

Mwaka juzi mzee huyo alijiunga na kisomo. Umri wake ulikuwa umepita miaka 70. Mnamkumbuka, alikaa mbele kwa sababu ya macho, na baadhi yetu tulicheka alipoandika herufi kubwa kama jembe. Alitaka kusoma Injili mwenyewe, si kusomewa. Mwaka jana wakati wa Kwaresima alikuja kwetu jioni, kitabu kimefungwa katika kitambaa. Hakukaribishwa kiti, lakini alikaa. Akafungua Yohana sura ya 21 akaanza kusoma kwa kidole. Giza likaingia, tukaleta taa. Alipofika pale Yesu anapouliza mara ya tatu, akafunga kitabu. Akasema:

"Wanangu, mabati ya baba yenu niliyachukua mimi. Yote 24. Nilijiambia: askari watayachukua, heri niyachukue mimi. Mliporudi nikaona haya kusema. Mwaka ukapita, haya ikawa kubwa kuliko mabati. Baba yenu alijua, nami nilijua kwamba anajua. Alipokufa nilidhani yamekwisha. Sasa nimejisomea mwenyewe. Nitamkuta. Nitamwambia nini?"

Ndugu zetu, mnajua tulimjibu nini? Tulimwambia: "Mzee, tumesikia. Tutakaa kikao cha ukoo, tutakuletea jibu."

Si jibu baya. Ndiyo desturi yetu, na jambo la ukoo haliamuliwi na watu wawili jioni moja. Lakini tutawaambia ukweli. Kaka mkubwa alikuwa Mwanza, naye angeweza kupigiwa simu siku ile ile. Hatukupiga. Tulitaka na yeye angoje kidogo, kama tulivyongoja sisi. Juma la kwanza likapita, la pili likapita. Pasaka ikaja. Alitutazama kanisani, tukatazama mbele. Siku tisa baada ya Pasaka akafa usingizini.

Tulikwenda mazishini. Tulisimama mwisho wa kibanja, mbali.

Sasa mtu atatuuliza: hapo tumaini liko wapi? Alikuja na haki yake ya kuomba, na sisi tukamnyima jibu. Tumefikiri sana mwaka huu. Kama kifo kingekuwa mwisho, sisi tusingekuwa na la kufanya. Yeye angebaki hajajibiwa, nasi tungebaki na kosa ambalo hakuna wa kutusamehe. Lakini tunaamini kwamba atafufuka, na baba yetu atafufuka, na sisi pia. Tutakutana naye, na safari hii wenye kuomba ni sisi. Mbele yetu hatutamkuta yeye peke yake. Yupo yule aliyewasha moto ufukoni kwa ajili ya Petro. Petro naye alidhani nafasi imepita.

Mwezi wa Juni kikao kilikaa hatimaye. Tulikwenda kwa mwanawe, mbele ya watu, tukasema mambo mawili: kwamba tumemsamehe baba yake, na kwamba tunaomba msamaha kwa kumngojesha. Yule kijana hakujua lolote juu ya mabati. Alilia, akataka kupanda juu ayaondoe siku ile ile, akasema atanunua mapya 24. Tukamkatalia. Yamebaki tisa tu yenye kufaa, na jikoni pale pana watoto wadogo. Tulichukua moja, lile ambalo alama yake inaonekana bado. Tumelitundika ukutani ndani ya nyumba. Watoto wa shule wakiuliza ni herufi gani ile, tunawaambia ni jina la babu yenu.

Mdogo wetu, yule aliyekohoa, hakuja siku ile. Amesema hawezi. Hatumlazimishi, maana kikohozi kile hakikuwa chetu, kilikuwa chake. Dada yetu peke yake ndiye anayezungumza naye habari hizi, tena kwa vipande vipande.

Mwalimu ametuambia kwamba kila mmoja wenu amepewa Injili ya Yohana. Sura ya 21 ina aya 25. Mzee yule alijizoeza aya tano kila jioni, na penye neno gumu alikuwa akija kumwuliza mwalimu. Fanyeni hivyo. Jumamosi sisi tunakwenda kwa mwanawe kumsaidia kupalilia kahawa. Mwenye nafasi aje na jembe lake. Sisi tutabeba moja la ziada kwa ajili ya mdogo wetu, kama atakuja.